Hakimu Asipigiwe Kura, na DC Aondoke Kitini



Likizo hii nilimsindikiza shangazi yangu mahakamani. Mahakama ya Mwanzo, sitaitaja ni ipi. Kesi ni ya mirathi. Mume wake alifariki, na ndugu wa mume wakaanza kuhesabu ng'ombe kabla hata matanga hayajaanuliwa. Shangazi akaambiwa yeye ni mwanamke, arudi kwao na nguo zake. Hakugombana na mtu. Alifungua shauri.

Siku ya uamuzi chumba kilijaa. Hakimu alisoma polepole, kwa Kiswahili ambacho hata bibi wa kijijini alikielewa, akamteua shangazi kuwa msimamizi wa mirathi pamoja na shemeji yake mmoja. Akawakumbusha wote wawili kwamba msimamizi si mwenye mali. Anakusanya, analipa madeni, anagawa kwa wanaostahili, halafu anarudi mahakamani kutoa hesabu. Basi. Dakika ishirini hivi.

Nje, chini ya mti, mzee mmoja wa upande wa pili akasema kwa sauti ili tusikie: "Huyu hakimu hamalizi mwaka hapa." Alivyosema ni kama mtu anayetangaza mvua. Shangazi akanigeukia. "Wewe si unasoma sheria? Kwani hakimu anachaguliwa na nani? Si tumpigie kura sisi, abaki?"

Nikakosa jibu la haraka. Mwaka wa tatu huu nasoma sheria, na swali la shangazi lilinikalia kooni hadi Lagangabilili.

Nilipolileta kwenye kundi letu la vijana, wengi walikubaliana naye kwa sababu tofauti kabisa. Yeye alitaka kura ili hakimu mzuri abaki. Makamanda mnataka kura ili hakimu mbaya aondoke. Mmoja akaandika, "Kama diwani tunampigia kura na mbunge tunampigia kura, hakimu ana nini?" Ni swali la haki kabisa na linastahili jibu. Leo najibu.

Jibu langu ni hapana, hakimu asipigiwe kura. Ila kuna mtu mwingine tunayepaswa kumwondoa kwenye kiti asichostahili kukalia, na wengi wetu hatujui hata kama anakikalia.

Kwanza, nani anamweka hakimu pale

Katiba yetu, Ibara ya 112, imeunda Tume ya Utumishi wa Mahakama. Hiyo ndiyo inaajiri mahakimu, na ndiyo inamshauri Rais kuhusu majaji wa Mahakama Kuu. Wajumbe ni sita: Jaji Mkuu ambaye ni mwenyekiti, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji mmoja wa Rufani, Jaji Kiongozi, na wajumbe wengine wawili. Sasa hesabuni nani anawateua hao sita. Jaji Mkuu anateuliwa na Rais. Mwanasheria Mkuu vilevile. Jaji wa Rufani, vilevile. Jaji Kiongozi, vilevile. Na wale wawili wa mwisho? Rais.

Wajumbe sita, kalamu moja.

Kijana anayetaka uhakimu leo anasoma shahada ya sheria, anapita Shule ya Sheria kwa Vitendo, anasubiri tangazo, anafanya usaili, akibahatika anaajiriwa kuwa Hakimu Mkazi na anapangiwa kituo. Zamani Mahakama ya Mwanzo ilikuwa na mahakimu wa cheti na stashahada. Sasa zinaongozwa zaidi na wenye shahada, na hilo ni jambo jema, tusiwe watu wa kupinga kila kitu. Lakini ukishaajiriwa, maisha yako yote ya kazi, kupanda daraja, uhamisho na nidhamu, yako mikononi mwa wakubwa ambao mwananchi wa Itilima hana njia ya kuwauliza lolote.

Kwa hiyo naelewa kwa nini watu wanasema, potelea mbali, tupige kura.

Kwa nini kura si dawa

Marekani wanafanya hivyo. Zaidi ya nusu ya majimbo yao yanawapigia kura majaji wa ngazi moja au nyingine. Kuna kesi moja kila mwanafunzi wa sheria angeisoma. Jimbo la West Virginia, kampuni ya makaa ya mawe ya Massey ilishindwa kesi ikatakiwa kulipa dola milioni 50. Kabla rufaa haijasikilizwa, ukafika uchaguzi wa mwaka 2004 wa jaji wa mahakama ya juu ya jimbo hilo. Mkuu wa kampuni, Don Blankenship, akatumia dola milioni 3 za kwake kumsaidia mgombea mmoja, Brent Benjamin. Mgombea akashinda. Rufaa ilipofika, Jaji Benjamin akagoma kujitoa, na kampuni ikashinda kwa kura tatu dhidi ya mbili, yake ikiwa mojawapo. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema hapana, jaji huyo alipaswa kukaa pembeni. Na hata hapo majaji waligawanyika tano kwa wanne.

Sasa ileteni hiyo Simiyu. Nani ana hela ya kampeni hapa kwetu? Ni mkulima wa pamba anayesubiri malipo, au ni mnunuzi wa pamba? Ni mama mjane, au ni mwenye ng'ombe mia tano? Shangazi yangu asingekuwa na hela ya kumchangia mgombea hata soda. Wale mashemeji wangekuwa nayo.

Mexico nao mwezi Juni 2025 walipigia kura majaji nchi nzima. Waliojitokeza walikuwa kama asilimia 13 tu ya wapiga kura. Watu walipewa karatasi zenye majina mengi wasiyoyajua, wengi wakabaki nyumbani. Kura inayopigwa na wachache waliopangwa ni ya yule aliyewapanga.

Lakini sababu yangu kubwa haiko Amerika. Iko hapa hapa.

Kazi ya hakimu ni kumsikiliza mtu ambaye kijiji kizima kimeshamhukumu. Sisi ni watoto wa Usukumani, tusidanganyane. Tunajua bibi vikongwe waliouawa kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini. Siku bibi wa namna hiyo anakimbilia mahakamani, na nje pamejaa watu wanaoamini ni mchawi, unataka hakimu awaze sheria au awaze uchaguzi wa mwakani?

Au chukueni kesi ya Rebeca Gyumi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu binti wa chini ya miaka 18 kuolewa vinakwenda kinyume na Katiba. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Kwetu ambako binti alikuwa anahesabiwa kwa ng'ombe, niambieni ni mgombea gani wa uhakimu angesimama jukwaani na kuahidi hukumu ile akapata kura za wazee wa ukoo.

Na la mwisho, hili mnalijua kuliko mimi. Hizo kura atazihesabu nani? Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, kwa matangazo yao wenyewe, chama kimoja kilichukua zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za wenyeviti. Wagombea wetu walienguliwa kwa makosa ya kujaza fomu. Mwaka 2019 Bob Wangwe alishinda Mahakama Kuu, majaji watatu wakasema wakurugenzi wa halmashauri wasisimamie uchaguzi. Miezi mitano baadaye Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, wakurugenzi wakarudi. Sasa kwa mfumo huo huo mnataka tuwapigie kura mahakimu? Tutapata mahakimu kwa asilimia 98. Leo hakimu walau amekatazwa kuwa mwanachama. Tukileta kura, tutakuwa tumempa kadi kwa mkono wetu.

Kiti ambacho hatukioni

Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Ibara ya 113A ya Katiba inamkataza jaji, msajili na hakimu wa ngazi yoyote kujiunga na chama cha siasa. Haki yake ni kupiga kura tu. Sawa kabisa. Hakimu anatakiwa awe mbali na sisi na mbali na wao.

Sasa fungueni Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011, Sura ya 237. Humo kuna Kamati za Maadili ya Maafisa wa Mahakama. Ukiwa na malalamiko juu ya mwenendo wa hakimu, kamati hiyo inayapokea, inachunguza, na kupeleka ripoti yake Tume. Ngazi ya mkoa, mwenyekiti wa kamati ni Mkuu wa Mkoa. Ngazi ya wilaya, mwenyekiti ni Mkuu wa Wilaya.

Someni tena. Anayeongoza kikao cha kumchunguza hakimu ni DC.

DC anateuliwa na Rais. DC ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi na Usalama ya wilaya. DC hajakatazwa na Katiba kuwa kada wa chama, na mara ngapi tumeona majina ya walioshindwa kura za maoni yakitokea kwenye orodha ya uteuzi? Huyo ndiye tumempa kiti cha kupima maadili ya mtu aliyekatazwa hata kubeba kadi.

Kuna jambo jingine. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa DC mamlaka ya kuamuru mtu akamatwe na awekwe ndani kwa saa 48, akiona anahatarisha amani. Zile saa 48 mnazijua, wengine mmezilala. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kabla saa hizo hazijaisha upelekwe mbele ya hakimu, la sivyo uachiwe. Maana yake hakimu ndiye breki. Ndiye mtu pekee wilayani mwenye nguvu ya kuiangalia amri ya DC na kusema, hapana, hili si kosa, kijana aende nyumbani.

Na huyo breki, siku akilalamikiwa, kesi yake ya maadili inaongozwa na yule yule aliyekanyaga mafuta.

Simtuhumu DC yeyote. Simtuhumu hakimu yeyote. Wapo mahakimu wanaosimama wima, shangazi yangu ni shahidi. Na kamati yenyewe haimfukuzi hakimu, inachunguza na kupendekeza, Tume ndiyo inaamua. Lakini hebu jiwekeni kwenye viatu vya hakimu wa miaka 28, kituo cha kwanza, ana mtoto mdogo, ana mkopo, na mbele yake ameletwa kijana mwenye fulana ya chama chetu. Hahitaji kupigiwa simu na mtu. Anajua tu mwenyekiti ni nani.

Jaji wa Mahakama Kuu amewekewa ukuta na Katiba. Haondolewi hadi iundwe tume maalumu ya kumchunguza, yenye majaji ndani yake. Hakimu, ambaye ndiye anayekutana na wananchi wengi kuliko jaji yeyote, hana ukuta huo. Yeye ana kamati ya DC.

Historia yake ni ndefu

Wazee wetu waliishi na mtemi, ambaye alitawala na pia aliamua mashauri. Waingereza wakaja, na kwa sheria ya mahakama za wenyeji ya mwaka 1929, mtu asiporidhika na baraza la mtemi rufaa yake ilikwenda kwa maofisa wa utawala, yaani DC, kisha Mkuu wa Jimbo, mpaka kwa Gavana. Mahakama Kuu iliwekwa pembeni. Mkoloni alijua anachofanya. Ukitaka kumtawala mtu vizuri, shika kodi yake na shika kesi yake.

Baada ya Uhuru tukasema sasa basi. Mwaka 1963 utemi ukafutwa kisheria, ikatungwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Mahakama ya Mwanzo ikaingia kwenye mhimili mmoja na Mahakama Kuu. Lengo lilikuwa mwamuzi asiwe mtawala na mtawala asiwe mwamuzi. Zaidi ya miaka 60 imepita na DC bado ana kiti chumbani.

Tudai nini

Majirani zetu wa Kenya hawapigii kura majaji. Walichofanya kwenye Katiba ya 2010 ni kuibadilisha tume yenyewe. Majaji wanachagua wenzao kuingia tume, mahakimu na majaji wa chini kupitia chama chao wanachagua wao, mawakili wanachagua wawakilishi wawili, mwanamke na mwanamume. Waombaji wa nafasi za juu wanahojiwa hadharani. Mwaka 2011 Wakenya walimwona Willy Mutunga akiulizwa maswali magumu hadi kuhusu hereni yake kabla hajawa Jaji Mkuu. Rais anapelekewa majina anayotakiwa kuyateua.

Si peponi kule. Mwaka 2019 tume ilipeleka majina 41, Rais Uhuru Kenyatta akayakalia, na Juni 2021 akateua 34 akiwaacha sita. Lakini angalieni tofauti. Wakenya walijua majina ni yapi, walijua nani ameachwa, wakamuuliza Rais mahakamani na barabarani. Sisi tunasikia majina usiku kwenye taarifa ya Ikulu, asubuhi watu wanaapishwa.

Kwa hiyo madai yangu ni manne, na naomba Baraza letu la Vijana liyabebe.

Moja, Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya waondolewe kwenye Kamati za Maadili. Hili halihitaji Katiba mpya. Ni marekebisho ya sheria moja. Kiti akalie jaji mstaafu, au hakimu mfawidhi kutoka nje ya wilaya, na wawepo mawakili na wananchi wa kawaida.

Mbili, Tume ya Utumishi wa Mahakama iwe na wajumbe waliochaguliwa na mahakimu, majaji na mawakili wenyewe. Kura ikiingia mahakamani iingilie hapo.

Tatu, usaili wa majaji uwe wa wazi, na majina yatangazwe kabla ya uteuzi ili mwananchi mwenye hoja aitoe.

Nne, uhamisho wa hakimu uwe na sababu iliyoandikwa. Yule mzee chini ya mti asiwe na uwezo wa kutabiri.

Na sisi wenyewe

Nimeacha la kuumiza mwisho. Makamanda, sisi mahakama tunaijua Kisutu tu. Kiongozi akipandishwa kizimbani tunajaa, tunaimba, tunapiga picha. Kesi ikiahirishwa tunarudi nyumbani. Mahakama ya Mwanzo ya kata yako uliingia lini? Milango iko wazi, haina kiingilio, lugha ni Kiswahili. Humo ndimo haki ya mama yako inaamuliwa kila wiki, na hatupo.

Nendeni mkae. Sikilizeni. Mjifunze tofauti ya hukumu mbaya na hakimu mbaya, kwa sababu tunazichanganya. Hukumu usiyoiridhia inakatiwa rufaa, na kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya una siku 30, usizilale. Mwenendo mbaya, rushwa au lugha ya matusi ndio unaandikiwa malalamiko, kwa tarehe na kwa ushahidi, si kwa matusi ya WhatsApp. Hukumu za mahakama za juu zinawekwa TanzLII, bure, kwenye simu hiyo hiyo unayosomea hapa.

Na kwa viongozi wetu wa chama nasema hili kwa heshima. Siku tukishika dola, kile kiti cha DC kitatutamanisha. Tutakuwa na watu wetu wa kuwateua, na tutasema watu wetu ni waadilifu, hawatakitumia vibaya. Kila aliyewahi kukikalia alisema hivyo. Ndiyo maana nataka ahadi iandikwe leo, tukiwa nje na baridi inatupiga, tusije tukaisahau tukishaota moto.

Shangazi nilimjibu jana kwa simu. Nikamwambia hakimu hatumpigii kura, ila tunaweza kupigania asiogope. Akafikiri kidogo. Akasema, "Basi piganieni haraka, mzee yule anahesabu miezi."